Tusisimulie Nusu ya Hadithi ya Lincoln

Muhula uliopita, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu alinijia akaniarifu kwamba ameazimia kuacha shule. Hoja yake ilikuwa moja: Abraham Lincoln hakusoma shuleni, na bado alikuwa wakili, hatimaye akawa Rais wa Marekani. Nilishikwa na haya. Hadithi hiyo aliipata kwangu, nami nilikuwa nimemsimulia nusu tu. Leo ningependa kulilipa deni hilo.

Lincoln alizaliwa Februari 12, 1809, katika kibanda cha magogo huko Kentucky. Siku zake zote darasani, ukizijumlisha, hazikutimia mwaka mmoja. Alipohamia kijiji cha New Salem, jimboni Illinois, mwaka wa 1831, hakuwa na mali wala cheo. Aliingia katika biashara ya duka, duka likafilisika na kumwachia madeni ya miaka mingi. Akawa msimamizi wa posta, kisha mpima ardhi. Mwaka wa 1834 alichaguliwa kuingia katika bunge la jimbo, na wakili John Todd Stuart akamhimiza asomee sheria, akamwazima vitabu. Vitabu hivyo Lincoln alivifuata Springfield, mwendo wa yapata kilometa 30, akavisoma kila alipopata nafasi huku akiendelea kupima mashamba ya watu.

Hapa ndipo wengi wetu hukomea. Je, alijitangazia uwakili? La, hasha! Illinois ilikuwa na masharti yake. Machi 24, 1836, mahakama ya wilaya ya Sangamon ilithibitisha kwamba alikuwa mtu wa mwenendo mwema. Septemba 9 mwaka huo, majaji wawili wa Mahakama ya Juu ya jimbo walimpa leseni. Machi 1, 1837, jina lake liliingizwa katika orodha ya mawakili. Vipandio vilikuwa vitatu, wala hakuruka hata kimoja. Mwezi wa Aprili alihamia Springfield, akawa mshirika wa Stuart, na uwakili ukawa kazi yake hadi alipoapishwa kuwa Rais mwaka wa 1861. Aliuawa Aprili 1865.

Katika Illinois ya leo, njia aliyopitia Lincoln imefungwa. Anayetaka uwakili hudaiwa shahada ya sheria kutoka chuo kilichoidhinishwa, mtihani wa uwakili, mtihani wa maadili ya kazi na uchunguzi wa tabia. Yako majimbo machache, kama vile Virginia na California, yanayomruhusu mtu kusomea sheria chini ya wakili au jaji. Lakini masomo hayo huchukua miaka kadhaa, na mtihani haukwepeki. Vitabu na mitihani vimebadilika. Sharti la mwenendo mwema limebaki palepale.

Nilimweleza kijana haya yote. Akanyamaza, kisha akakiri kwamba kilichomkimbiza hasa ni karo; Lincoln alikuwa kisingizio tu. Ndipo nilipoelewa kwamba hata mimi nilikuwa nimeipitia sehemu muhimu ya hadithi bila kuiona. Lincoln alikuwa na bidii, naam, lakini pia alikuwa na Stuart wa kumfungulia kabati la vitabu. Walimu wenzangu, kabla ya kuwahimiza wanafunzi wetu wawe akina Lincoln, tujiulize ni nani kati yetu aliye tayari kuwa Stuart.