Simon Kimbangu, Mtu Aliyehukumiwa Kufa Akaachiwa Uhai

Wapenzi wakatekumeni wa Masisi na Walikale, mtu tunayewasimulia leo hamtamkuta katika orodha ya watakatifu wa Kanisa letu. Alibatizwa katika misioni ya Wabatisti, na kanisa lililotokana na mahubiri yake lina mafundisho tusiyoyakubali. Lakini yafaa kila Mkristu wa Kongo ajue habari yake, kwa kuwa inaangaza neno moja zito linalobishaniwa katika nchi yetu hata leo: je, ni halali serikali imwue mtu aliyehukumiwa?

Ujana wake

Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba, katika Kongo ya Chini, si mbali na mji ulioitwa Thysville, ambao sasa ni Mbanza-Ngungu. Husemwa kuwa alizaliwa mwaka 1887. Siku hizo nchi yote ilikuwa chini ya Leopold II, Mfalme wa Wabelgiji, na watu wa upande ule walitaabika kwa kubeba mizigo na kwa kazi ya kujenga reli ya kutoka Matadi. Kimbangu alifundishwa na wamisionari Wabatisti kutoka Uingereza. Alimwoa Marie Muilu, na mwezi wa Julai 1915 wote wawili wakapata ubatizo. Mungu akawajalia wana watatu.

Mwaka 1918 mafua makali yaliyoenea duniani kote yaliua watu wengi katika Kongo. Wakati huo Kimbangu alianza kusikia moyoni mwito wa kuwahubiri na kuwaponya watu. Aliogopa, akakimbilia Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akatafuta kazi ya mshahara. Hakupata raha huko, akarudi kwao.

Makutano ya Nkamba

Tarehe 6 Aprili 1921, katika kijiji kilicho karibu na kwao, alimwekea mikono mwanamke mgonjwa, na watu wakatangaza kwamba amepona. Habari ikaenea kama moto katika majani makavu. Wengi waliacha mashamba, hospitali na kazi za makampuni, wakashika njia ya Nkamba. Kimbangu aliwaagiza watupe hirizi na sanamu za uganga, waache ngoma za aibu, na kila mume awe na mke mmoja. Hakuwaambia washike mikuki wala bunduki.

Lakini wakuu wa serikali walipoona umati ule na kazi zilizosimama, waliingiwa na hofu. Mwezi wa Juni 1921 msimamizi wa serikali, Léon Morel, alikuja na askari kumkamata. Kukatokea ghasia, naye Kimbangu akaponyoka. Alijificha muda wa miezi mitatu hivi. Mwezi wa Septemba akarudi Nkamba kwa hiari yake, akajitoa mikononi mwa askari.

Hukumu

Serikali ilikuwa imeuweka upande ule chini ya sheria ya kijeshi. Kwa hiyo Kimbangu hakupelekwa mbele ya mahakama ya raia, bali mbele ya mahakama ya kijeshi ya Thysville, iliyosimamiwa na Komanda de Rossi. Hakupewa wakili wa kumtetea. Hakushitakiwa kwa kumwua mtu. Alishitakiwa kuwa ameuvuruga usalama wa serikali na kuwachochea watu wawachukie Wazungu. Tarehe 3 Oktoba 1921 hukumu ikasomwa: apigwe fimbo 120, kisha auawe.

Hapo watu waligawanyika. Walowezi na wafanyabiashara wengi walitaka hukumu itimizwe upesi, ili Waafrika waogope. Wako pia wamisionari Wakatoliki waliotaka serikali itumie ukali. Ni kweli ya kusikitisha, wala haifai kuifunika. Wamisionari Wabatisti, ingawa hawakuyakubali mambo yote ya Nkamba, waliomba ahurumiwe. Maombi yakafika Ubelgiji, na mwezi wa Novemba 1921 Mfalme Albert I akaigeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha.

Miaka 30 ya kifungo

Kimbangu alipelekwa mbali kabisa na kwao, katika gereza la Elisabethville, huko Katanga, mji ambao sasa huitwa Lubumbashi. Alikaa kifungoni miaka 30, asikione tena kijiji chake, hata akafa tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake kwa maelfu walihamishwa kwa nguvu mpaka majimbo ya mbali. Wengine waliletwa hata Lowa, mahali mto wenu wa Lowa unapoingia katika Lualaba. Mke wake Marie Muilu aliwaongoza kwa siri waliobaki.

Basi, msidhani kwamba kugeuzwa kwa hukumu ile kulitosha kuwa haki. Mtu asiyeua alinyang'anywa miaka 30. Lakini tazameni yaliyofuata. Mwisho wa mwaka 1959 serikali ileile ya Wabelgiji ililitambua kanisa la wafuasi wake. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kijeshi huko Kinshasa iliibatilisha hukumu ya mwaka 1921. Na tangu mwaka 2023, tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa ya kumkumbuka. Jambo lililohesabiwa kuwa kosa la kustahili kifo, sasa taifa zima linalikumbuka kwa heshima. Mahakimu wanaweza kubatilisha maandishi yao, lakini hawawezi kumfufua mtu waliyemwua.

Neno hili nasi

Tangu mwaka 2003 serikali ya Kongo ilikuwa imeacha kuwaua waliohukumiwa kifo, ingawa sheria yenyewe haikufutwa. Mwezi wa Machi 2024 waziri wa sheria alitangaza kwamba adhabu hiyo itatekelezwa tena juu ya wasaliti na wanyang'anyi wauaji. Mwaka huohuo mahakama za kijeshi katika Kivu ya Kaskazini zikawahukumu kifo askari walioshitakiwa kuwakimbia adui.

Twajua mnayoyafikiri mioyoni. Ninyi mmeona vijiji vikichomwa na ndugu kuzikwa bila jeneza. Mwaka 2010, katika vijiji vya njia ya Kibua na Mpofi, Walikale, wanawake kwa mamia walitendewa unyama. Mtu aliyepata mateso namna hiyo akidai damu ya mkosaji, nani atamcheka? Tena husema kwamba gereza si dawa: mlango hufunguliwa kwa rushwa au kwa vita, na mwuaji hurudi kijijini akicheka.

Maneno hayo yana uzito. Lakini fikirini: ikiwa mkono wa serikali ni dhaifu hata hauwezi kulinda mlango wa gereza, je, mkono huohuo utaweza kupima bila kukosea nani afe na nani aishi? Mwenye fedha atanunua uhai wake, na maskini asiye na wakili atakufa. Gereza bovu litengenezwe, na hakimu mla rushwa aondolewe. Haki bila kuua yawezekana: mwezi wa Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ilimhukumu mkuu mmoja wa wanamgambo kifungo cha maisha kwa ajili ya maovu yale ya Walikale, na watu walioumizwa walisikilizwa mbele ya mahakimu.

Zamani Kanisa halikuikataa kabisa adhabu ya kifo. Lakini mwezi wa Agosti 2018 Baba Mtakatifu Fransisko aliagiza fundisho la Katekisimu, namba 2267, liandikwe upya. Sasa Kanisa lafundisha kwamba adhabu hiyo haikubaliki, kwa kuwa inavunja heshima ya mtu, ambayo haipotei hata akitenda dhambi kubwa. Nalo Kanisa hujitahidi ili ifutwe duniani kote. Mkosaji afungwe, watu walindwe, naye aachiwe nafasi ya kutubu. Kumbukeni kwamba Kaini alipomwua ndugu yake, Mungu alimwadhibu, lakini akamtia alama ili mtu yeyote asimwue. Kumbukeni pia kwamba Bwana wetu Yesu Kristu mwenyewe alihukumiwa kifo, akauawa.

Maswali ya kujibu pamoja na katekista

1. Simon Kimbangu alishitakiwa kwa kosa gani, na mbele ya mahakama ya namna gani?
2. Nani walimwombea huruma, na nani waligeuza hukumu yake?
3. Kwa nini kosa la hakimu katika adhabu ya kifo halina dawa?
4. Mwizi akikamatwa kijijini na watu wakitaka kumpiga mpaka afe, mkatekumeni afanye nini?