Boyd Orr: Aliyeomba Ghala Akapewa Tuzo

Wahenga walinena kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. John Boyd Orr alikuwa miongoni mwa wachache waliojibidiisha kumjua.

Alizaliwa mwaka wa 1880 huko Kilmaurs, Scotland. Alipokuwa mwalimu kijana katika mtaa wa mafukara jijini Glasgow, aliwakuta wanafunzi wamedhoofika kwa njaa, akang'amua kuwa hawafundishiki. Aliiacha kazi hiyo, na baadaye akasomea utabibu na kuzamia utafiti wa lishe.

Nasi Wakenya tumo katika historia yake. Yeye na Dkt. Gilks, mkuu wa idara ya tiba katika koloni la Kenya, walilinganisha siha ya Wamaasai na Wakikuyu, na ripoti yao ikachapishwa mwaka wa 1931. Ripoti hiyo ilichungulia zaidi chunguni: nani ana maziwa na nyama, nani ana nafaka. Mwaka wa 1936, alipoigeukia Uingereza yenyewe, Orr alichungulia mfukoni. Alibaini kuwa takriban nusu ya wakazi wake hawakumudu gharama ya lishe kamili. Waama, kilichopungua hasa ni kipato.

Funzo hilo alilibeba hadi Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, lililoasisiwa Oktoba 1945, yeye akiwa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza. Mwaka uliofuata alipendekeza Bodi ya Chakula ya Dunia: inunue mazao wakati wa neema, iyahifadhi, iyatoe wakati wa dhiki, bei zisimnyonge mkulima wala mlaji. Marekani na Uingereza zilikataa kukikabidhi chombo hicho mamlaka na fedha. Orr aling'atuka mwaka wa 1948. Mwaka wa 1949 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, na fedha zake akazitoa ili kuendeleza amani. Aliaga dunia mwaka wa 1971.

Mpango wa Chakula Duniani, ulioanzishwa mwaka wa 1961, umewaokoa wengi, wakiwemo ndugu zetu wa Turkana. Hata hivyo, hutegemea hiari ya wafadhili. Hapa sisi wanaisimu hatuna budi kutofautisha maneno mawili. Msaada una mtoaji na mpokeaji. Ushirikiano, uliojengwa kwa kauli ya kutendana, huzidai pande zote mbili. Orr aliomba ushirikiano. Dunia ilimpa msaada, nao ukachelewa.