Shakespeare Alikula Nini Tauni Ilipofunga Kumbi?

Mwezi wa Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa kote nchini kwa sababu ya maradhi ya korona, wanafunzi wangu kadhaa walikuwa wamebakiza majuma mawili tu waonyeshe tamthilia waliyoifanyia mazoezi tangu Januari. Mavazi yalikuwa yamekwisha kushonwa. Mmoja wao alikuwa akijilipia karo kwa kuzunguka na kikundi kinachoigiza vitabu teule katika shule za upili, na shule zilipofungwa kazi hiyo nayo ilikoma siku hiyo hiyo. Siku zile kulikuwa na ujumbe ukienezwa kwa simu kwamba Shakespeare, alipofungiwa na tauni, aliketi akaandika King Lear, na kwa hiyo asilalamike mtu. Kijana yule alinipelekea ujumbe huo na kuniuliza, bila mzaha wowote, Shakespeare alikuwa akila nini wakati akiandika.

Swali hilo lilinishinda kujibu papo hapo. Mimi ni mtu wa isimu, na maisha ya watunzi si uwanja wangu. Hata hivyo limenikaa moyoni miaka yote hii, na nimeona nimwandikie jibu hapa hadharani, kwani si yeye peke yake aliyeudhiwa na ujumbe ule.

William Shakespeare alibatizwa mjini Stratford tarehe 26 Aprili 1564. Mwezi wa Julai mwaka huo huo, karani wa kanisa aliandika katika daftari la mazishi, kandokando ya jina la kijana mmoja mwanagenzi, maneno matatu ya Kilatini ya kuarifu kwamba hapo ndipo tauni ilipoanzia. Kabla ya mwaka kwisha, watu zaidi ya 200 walikuwa wamezikwa katika mji huo mdogo. Baba yake, John, alikuwa katika baraza la mji, na mwezi wa Agosti baraza lilikutana bustanini badala ya kukaa ndani, kwa hofu ya kuambukizana. John alitoa mchango wake kwa ajili ya maskini walioshikwa na ugonjwa. Mtoto aliyekuwa na miezi mitatu tauni ilipoingia alinusurika. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kuwazika mabinti wawili kabla yake.

Tunamkuta tena London mwaka 1592, akiwa mwigizaji na mtunzi aliyeanza kuonewa kijicho na wenzake. Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Kumbi zilisimamishwa mwezi wa Juni kwa sababu ya fujo mjini, kisha tauni ikaingia, na kwa muda wa takriban miaka miwili zikawa zimefungwa, isipokuwa majuma machache ya majira ya baridi. Mwaka 1593 pekee tauni iliua watu zaidi ya 10,000 katika mji uliokuwa na watu wapatao 200,000. Hakuna aliyejua habari za viroboto na panya. Walidhani ugonjwa unatoka katika hewa chafu, au katika dhambi. Miaka kadhaa nyuma mhubiri mmoja alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake mimbarini: tauni huletwa na dhambi, dhambi huletwa na michezo ya kuigiza, basi michezo ndiyo iletayo tauni. Hoja ya namna hii ningemwekea mwanafunzi alama ya sufuri, lakini wakubwa wa mji wa London, ambao tangu zamani hawakuzipenda kumbi, waliifurahia sana.

Waigizaji walifanya nini? Walishika njia. Mwezi wa Mei 1593 Baraza la Malkia lilitoa kibali kwa kundi moja mashuhuri kusafiri na kuigiza nje ya London, mradi wasikaribie mji. Miongoni mwao alikuwa Edward Alleyn, mwigizaji aliyesifika kuliko wote wakati huo. Barua yake kwa mkewe, aliyoiandika akiwa Bristol mwezi wa Agosti, imehifadhiwa hadi leo. Anamwagiza aifanye nyumba iwe safi, amwage maji mbele ya mlango kila jioni na aweke majani ya dawa madirishani. Kisha anamwambia soksi zake za rangi ya machungwa zitiwe rangi nyeusi, na kwamba Septemba ikifika apande spinachi katika tuta lililokuwa na kotimiri. Nakiri kwamba spinachi hiyo ilinigusa kuliko tamthilia nyingi nilizozisoma. Mtu anaogopa kumpoteza mkewe, na bado anapanga mboga za mwezi ujao. Baba wa kambo wa mke huyo, Philip Henslowe, mwenye ukumbi, alimjibu kwamba nyumbani wote ni wazima, ila mwigizaji mwenzao Robert Browne amefiwa na mke, watoto wote na watumishi wa nyumba, na mlango wake umefungwa. Browne mwenyewe alikuwa Ujerumani, akitafuta riziki jukwaani.

Safari zenyewe hazikuwa na faida ya kutegemewa. Kundi lililofadhiliwa na Earl wa Pembroke lilirejea London mwaka huo huo likiwa limeshindwa kulipa gharama za njiani, likaweka rehani mavazi yake. Msomaji aliyewahi kuwa katika kikundi cha maigizo atajua maana yake. Kundi lililouza mavazi limekwisha kuuza jembe.

Shakespeare alishika njia nyingine. Mwaka 1593 alitoa utenzi mrefu, Venus and Adonis, uliochapishwa na mtu wa mji wake wa Stratford, Richard Field, na mwaka uliofuata akatoa wa pili, Lucrece. Zote mbili alizitabaruku kwa kijana tajiri, Earl wa Southampton. Maana ya jambo hilo ni nyepesi: mtu ambaye wateja wake 2,000 wa senti moja moja wamezuiliwa mlangoni alimtafuta mteja mmoja mwenye mfuko mzito. Kitabu cha kwanza kilipendwa mno na kikachapishwa tena na tena maishani mwake. Lau angebaki katika kazi hiyo ya kuwaandikia mabwana wakubwa, huenda tungemjua leo kama mshairi wa pili au wa tatu wa zama zake.

Hakubaki. Kumbi zilipofunguliwa mwaka 1594 aliingia katika kundi jipya lililofadhiliwa na Lord Chamberlain, naye hakuingia kama kibarua. Aliingia kama mwenye hisa. Hapa ndipo lilipo jibu la kwanza la swali la kijana wangu. Wenye hisa waligawana mapato na hasara, walimiliki mavazi na miswada kwa pamoja, na hakuna aliyeweza kumfukuza mwenzake siku mlango ulipofungwa. Mwaka 1599 walipojenga ukumbi wa Globe, nusu ya umiliki ilikuwa ya ndugu wawili wa ukoo wa Burbage, na nusu ya pili wakaigawana waigizaji watano. Shakespeare alikuwa mmoja wa hao watano.

Namna yao ya kufanya kazi nayo ilikuwa imeumbwa na uhaba wa watu. Kila mwigizaji alipewa karatasi yenye maneno yake tu pamoja na maneno machache ya kumdokezea zamu yake. Karatasi hiyo ilikunjwa kama mkeka, na neno wanalolitumia Waingereza hadi leo kwa uhusika wa mwigizaji limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya karatasi iliyokunjwa. Mtu akikosekana, karatasi yake ilipokezwa mwingine. Mgeni mmoja kutoka Uswisi alitazama mchezo wa Juliasi Kaizari London mwezi wa Septemba 1599 na kuhesabu waigizaji wapatao 15, ilhali mchezo huo, ambao Mwalimu Nyerere alitutafsiria, una wahusika wapatao 40. Waliokufa katika tendo la tatu walirudi katika tendo la tano wakiwa askari.

Tauni ilirudi mwaka 1603, mwaka aliofariki Malkia Elizabeth, ikaua takriban watu 30,000 mjini London. Mfalme mpya, James, alilichukua kundi la Shakespeare likawa la Mfalme mwenyewe, na hati yao ya mwezi wa Mei iliwaruhusu kuigiza pindi tauni itakapopungua. Kipimo cha kupungua kilikuwa orodha za vifo za kila juma: waliokufa kwa tauni wakizidi 30, kumbi hufungwa. Mwezi wa Desemba kundi lilisafirishwa hadi Wilton, alikokuwa amekimbilia Mfalme, likaigiza mbele yake na kulipwa pauni 30. Mwezi wa Februari 1604 Mfalme alimpa Richard Burbage pauni nyingine 30 za kuwakimu yeye na wenzake, kwa kuwa walikuwa wamekatazwa kuigiza hadharani. Mwaka 1609 walipewa pauni 40, na mwaka 1610 pauni 30, safari hizi wakilipwa kwa mazoezi waliyoyafanya faraghani wakati wa maambukizo, ili Krismasi ikifika Mfalme asikose burudani yake. Sidai kwamba huo ulikuwa ukarimu mtupu. James alipenda michezo, na aliilipia. Lakini alielewa jambo ambalo hazina nyingi za siku hizi haziliafiki upesi, kwamba mazoezi ni kazi na kazi ina ujira hata ukumbi ukiwa mtupu.

Na ile King Lear? Iliigizwa mbele ya Mfalme usiku wa tarehe 26 Desemba 1606, baada ya majira ya joto ambayo kumbi zilikuwa zimefungwa tena. Mtu aliyeiandika hakuwa mnyonge aliyejifungia chumbani na njaa yake. Kufikia hapo alikuwa amenunua nyumba kubwa ya New Place mjini Stratford mwaka 1597, ekari 107 za ardhi mwaka 1602, na haki ya kukusanya zaka mwaka 1605 kwa pauni 440. Na kama kijana wangu anataka jibu la chakula chenyewe, lipo. Mwezi wa Februari 1598, wakati wa uhaba wa nafaka, maofisa walipokagua maghala ya Stratford walimkuta Shakespeare na kimea kingi kuliko majirani wake wengi. Wapenzi wake huipita habari hii haraka. Mimi naiona inamfanya aeleweke zaidi: ni mtu aliyezaliwa mwaka wa tauni, aliyejua kwamba mlango hufungwa bila taarifa.

Jambo ambalo tauni ilimwachia katika maandishi ni dogo kwa kushangaza. Katika tamthilia zake watu hufa kwa upanga, kwa sumu, kwa majonzi, lakini hakuna anayekufa kwa tauni jukwaani. Katika Romeo and Juliet tu ndipo inapoingia, tena kwa mlango wa nyuma: mtawa aliyetumwa na barua anafungiwa ndani ya nyumba iliyoshukiwa kuwa na ugonjwa, barua haifiki, na wapenzi wawili wanaangamia. Neno karantini, tulilolizoea mwaka 2020, limetokana na hesabu ya siku 40 ambazo merikebu zilizuiliwa huko Venice. Shakespeare hakuwa na haja ya kuwaeleza watazamaji wake maana ya mlango uliofungwa. Wengi wao walikuwa wameacha mmoja mtaani kwao.

Mwezi wa Agosti 1608 kundi lilipata ukumbi wa ndani wa Blackfriars. William Sly, mmoja wa waliogawiwa hisa za ukumbi huo, alizikwa siku chache tu baadaye. Tauni ikazuia matumizi ya ukumbi kwa zaidi ya mwaka mmoja. Waliovumilia kipindi hicho ni wale wenye hisa. Lakini nyuma yao walikuwako vibarua waliolipwa kwa juma, walioshika mikuki, waliopiga tarumbeta, walioigiza askari wa tendo la tano. Mlango ulipofungwa ndio waliokuwa wa kwanza kutoka, na majina ya wengi wao yamepotea. Kijana wangu, aliyeuza barakoa katika kituo cha matatu tangu Juni 2020 hadi shule zilipofunguliwa, alikuwa wa kundi hilo. Aliyemtumia ujumbe ule alikuwa akimlinganisha na mtu asiyefanana naye.

Shakespeare alifariki tarehe 23 Aprili 1616. Katika wasia wake aliwaachia Burbage, John Heminges na Henry Condell fedha za kununulia pete, waigizaji wote watatu, wote wenye hisa. Mwaka 1623 wawili waliobaki hai, Heminges na Condell, walizikusanya tamthilia zake 36 katika kitabu kimoja, na 18 kati ya hizo hazikuwa zimechapishwa kabla ya hapo, Juliasi Kaizari ikiwa mojawapo. Mwaka 1625 tauni iliingia London tena na kumbi zikafungwa. Makundi kadhaa yalivunjika. Kundi la Mfalme lilisimama tena, likaendelea kuigiza hadi Bunge lilipozifunga kumbi zote mwaka 1642.