Gillman: Jina lake liko Kilimanjaro, kazi yake iko porini

Kama umewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, au una ndugu aliyepanda, Gillman's Point unaijua. Ndiyo ile sehemu ya kwanza kufika ukingoni mwa kreta, zaidi ya mita 5,600 juu ya bahari, ambapo wengi hukaa chini na kuhema.

Lakini huyo Gillman ni nani?

Clement Gillman alizaliwa mwaka 1882. Alikuwa mhandisi wa reli, Mwingereza mwenye damu ya Kijerumani pia. Alifika Tanganyika mwaka 1905, enzi za Mjerumani, wakati ujenzi wa Reli ya Kati ukianza Dar es Salaam. Reli hiyo ilifika Kigoma mwaka 1914.

Vita ya Kwanza ikaja, Mjerumani akaondoka na Mwingereza akaingia. Gillman akaendelea na kazi ya reli mpaka akawa mhandisi mkuu. Mwaka 1921 alifika ukingoni mwa kreta ya Kibo, na ndiyo asili ya lile jina.

Kazi yake kubwa zaidi, hata hivyo, haikuwa mlimani.

Mhandisi wa reli hana ujanja: lazima aijue ardhi. Wapi kuna maji ya injini, wapi tuta litabebwa na mvua, wapi udongo unadanganya. Gillman alizunguka nchi kwa treni, kwa gari na kwa miguu, daftari mkononi. Kadiri miaka ilivyokwenda, akaona kwamba mimea inasema mengi kuhusu maji na udongo kabla hata hujachimba.

Kwanza akashughulika na watu. Mwaka 1936 alitoa ramani ya wakazi wa Tanganyika. Ilionyesha kuwa karibu theluthi mbili ya nchi haikuwa na watu. Sababu kubwa? Maji. Baada ya kustaafu reli, serikali ikamchukua awe mshauri wake wa mambo ya maji.

Kisha akageukia mapori. Kwa wageni wengi pori lilikuwa pori tu. Gillman akaligawa kwa sura yake: miti ina urefu gani, imesongamana kiasi gani, chini kuna nyasi au hakuna. Msitu akauweka peke yake, miombo peke yake, vichaka peke yake, mbuga za nyasi peke yake. Halafu akachora kila aina inapoanzia na inapoishia, nchi nzima.

Hakuiona ramani hiyo ikichapishwa. Alifariki mwaka 1946, na ramani ikatoka mwaka 1949 katika jarida la wanajiografia huko New York, Marekani.

Katikati ya miaka hiyo kikatokea kituko. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga Kongwa, kwenye ukanda mkavu wa kati. Matrekta yakavunjika kwenye mizizi ya vichaka, udongo ukakauka na kuwa mgumu kama saruji, mvua haikutosha. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zikawa zimepotea. Vichaka vilivyong'olewa ndivyo vilivyokuwa vikieleza hali ya pale, ila hawakusomwa.

Sasa sisi yanatuhusu nini?

Leo wataalamu wa uhifadhi duniani hawapimi tu mnyama au mti mmoja mmoja. Wanapima jamii nzima ya mimea. Kipimo kimojawapo ni hiki: eneo limepungua kiasi gani katika miaka 50? Likipungua asilimia 30 linaingia kwenye orodha ya yaliyo hatarini. Asilimia 50, hatari ni kubwa zaidi. Asilimia 80, liko ukingoni mwa kutoweka.

Kupungua kutoka wapi, sasa? Hapo ndipo ramani ya zamani inakuwa dhahabu. Kama hakuna aliyeandika kilichokuwepo, huwezi kujua kilichopotea.

Chukua vichaka vya Itigi, mkoani Singida, ambako Reli ya Kati inapita. Ni vichaka vilivyosongamana sana, hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na nje ya Tanzania vinapatikana kaskazini mwa Zambia tu. Sehemu kubwa imeshafyekwa kwa mashamba na kuni. Ukivitazama dirishani mwa treni unaweza kuviona ni matakataka ya njiani. Kumbe vikiisha hapo, havina kwingine pa kuanzia.

Maelfu wanapita Gillman's Point kila mwaka na kupiga picha pembeni ya kibao chenye jina lake. Mapori aliyoyachora hayana kibao.