Baden-Powell, Mzee Aliyewaachia Vijana Uongozi

Robert Baden-Powell alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa kasisi wa Waanglikana, tena mwalimu wa hesabu katika chuo kikuu cha Oxford. Robert alipokuwa na umri wa miaka 3 tu, baba huyo alifariki, akamwacha mjane pamoja na watoto wengi.

Mama yao, Henrietta, alikuwa mwanamke hodari. Aliwalea wanawe kwa adabu, lakini hakuwafungia nyumbani. Siku za likizo Robert na kaka zake walipanda mashua, wakasafiri kando ya pwani ya nchi yao. Warington, kaka mkubwa, ndiye aliyekuwa nahodha. Wadogo walimtii, walifunga kamba, walipika, walikoka moto, walivumilia baridi na mawimbi. Hivyo Robert alijifunza mapema kwamba mtoto aweza kumtii ndugu yake kwa moyo, na ndugu huyo aweza kuwatunza wadogo zake asiwapoteze.

Mwaka wa 1870 aliingia shule ya Charterhouse. Katika masomo hakuwa wa kwanza. Lakini karibu na shule palikuwa na kichaka, nao wanafunzi walikatazwa kuingia humo. Robert aliingia kwa siri, akatega sungura, akawapika juu ya moto mdogo usiotoa moshi mwingi, ili walimu wasimgundue. Kuvunja amri ya shule hakukuwa jambo jema. Hata hivyo, katika kichaka kile alijifunza kusoma nyayo, kunyamaza na kutazama.

Askari katika nchi za wengine

Mwaka wa 1876 Baden-Powell akawa askari, akapelekwa India, na baadaye Afrika. Kazi aliyoipenda ilikuwa ile ya wapelelezi, yaani askari wanaotangulia mbele kutazama njia na kuleta habari. Aliona kwamba askari aliyezoea kungoja amri kwa kila jambo hushindwa akiwa peke yake porini. Kwa hiyo aliwafundisha kwa vikundi vidogo, akampa kila mtu kazi ya kumlazimu kutumia akili yake mwenyewe. Mwaka wa 1899 alichapisha kitabu kidogo cha mafundisho hayo kwa ajili ya askari.

Anayesimulia maisha ya mtu hana ruhusa ya kuficha upande wake wa giza. Majeshi aliyoyatumikia Baden-Powell yalikuwa majeshi ya kuteka nchi za watu. Mwaka wa 1896, katika vita juu ya Wandebele, nchi inayoitwa leo Zimbabwe, chifu Uwini alikamatwa, akahukumiwa na baraza la askari, akapigwa risasi kwa amri ya Baden-Powell. Wakubwa wa serikali walichunguza jambo hilo, wakasema hana hatia. Lakini wengi hata leo wanaihuzunikia hukumu ile.

Mwaka wa 1899 vita vilizuka kati ya Waingereza na Maburu huko Afrika ya Kusini. Baden-Powell alizingirwa na adui katika mji wa Mafeking kwa siku 217, tangu tarehe 13 Oktoba 1899 hata tarehe 17 Mei 1900. Waingereza walimsifu sana kwa kuushika mji. Sifa hizo zilisahau mateso ya Waafrika waliokuwa ndani ya mji ule, kwa maana chakula walichopewa kilikuwa pungufu kuliko cha Wazungu, na wengi walikufa kwa njaa.

Katika shida ya Mafeking jambo moja lilimshangaza Baden-Powell. Askari walikuwa wachache, basi wavulana wa Kizungu wa mji ule walikusanywa wapeleke barua na ujumbe. Mkubwa wao alikuwa kijana mwenzao. Mwanzoni walipanda punda. Baadaye punda waliliwa kwa sababu ya njaa, wavulana wakapanda baiskeli. Waliokuwa jana watoto wa kucheza barabarani, leo walifika kwa saa, walitii, walikumbuka kila neno walilotumwa. Hakuna aliyewageuza kwa hotuba. Waliwekewa kazi ya kweli mikononi, nao wakakua.

Kambi ya kisiwani

Baden-Powell aliporudi Uingereza mwaka wa 1903, aliona kitabu chake cha askari kinasomwa na walimu na vijana. Alisikitika kuona wavulana wengi wa miji mikubwa wakiishi bila kazi, bila mchezo mwema, bila mtu wa kuwaongoza. William Smith, aliyeanzisha chama cha vijana huko Glasgow mwaka wa 1883, alimshauri akitengeneze upya kitabu kile kwa ajili ya watoto. Lakini Baden-Powell hakutaka kuandika jambo asilolijaribu kwanza.

Mwezi wa Agosti 1907 aliwachukua wavulana wapatao 20 mpaka kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Baadhi yao walikuwa watoto wa matajiri. Wengine walikuwa watoto wa wafanya kazi wa mjini. Katika siku zile watoto wa namna hizo mbili hawakula pamoja. Akawachanganya, kisha akawagawa katika vikundi vinne: Mbwamwitu, Ng'ombe Dume, Kunguru, na ndege wa pwani waitwao Curlews. Kila kikundi kilikuwa na mkubwa wake, naye ni kijana kama wao.

Mkubwa huyo hakuwekwa kwa heshima tupu. Wenzake walimtii yeye, naye alijibu kwa ajili yao. Usiku kikundi kimoja kwa zamu kilitoka kambini peke yake, kimechukua unga, nyama na mboga, kikajipikia na kulinda zamu mpaka asubuhi. Baden-Powell alikuwa mkubwa wa jeshi aliyezoea kuamrisha maelfu ya watu; alfajiri aliwaamsha wavulana kwa kupuliza pembe ya tandala aliyoitoa Afrika. Lakini uongozi wa kikundi aliuacha kwa kijana aliyekabidhiwa. Alifundisha, alisimulia hadithi usiku kando ya moto, alitazama. Kisha aliwaacha wafanye.

Mwaka wa 1908 kitabu chake kipya kilitoka kwa sehemu sita. Likatokea jambo asilolitazamia. Wavulana walikinunua kwa senti zao, wakajipanga wenyewe katika vikundi, wakachagua wakubwa wao, kisha wakaenda kutafuta mtu mzima wa kuwaongoza. Kwa hiyo katika mahali pengi vikundi vya vijana vilitangulia, na kiongozi mtu mzima alifuata. Mwaka wa 1909 maelfu ya skauti walikutana London, na wasichana nao wakafika wakidai nafasi yao. Mwaka uliofuata Baden-Powell aliacha kazi ya jeshi, na pamoja na dada yake Agnes akawaanzishia wasichana chama chao. Mwaka wa 1912 alimwoa Olave Soames, nao walijaliwa watoto watatu.

Kazi ya mtu mzima

Ni nini basi kazi ya kiongozi mtu mzima, ikiwa vijana wanajiongoza? Swali hili lilimshughulisha Baden-Powell maisha yake yote.

Kwa mpango wake, kikundi kina vijana 6 hata 8, na vikundi kadhaa ni kikosi kimoja. Wakubwa wa vikundi hukutana katika baraza pamoja na kiongozi mtu mzima. Humo hupanga safari, hutunza fedha, huamua juu ya mwenzao aliyekosa. Mtu mzima huketi nao kama kaka mkubwa. Husikiliza kwanza, akiona hatari, huonya, lakini haondoi neno kinywani mwa vijana. Kazi yake kubwa ni kuwafundisha wale wakubwa wa vikundi kwa bidii, nao huenda kuwafundisha wenzao.

Watu wazima wengi waliona njia hiyo ngumu. Wengine walifanya kila kitu wenyewe, kwa sababu kijana ni mpole wa kazi, husahau, hukosea. Chini yao kikosi kilionekana safi, lakini mkubwa wa kikundi alikuwa na jina tu. Wengine walikosa kwa upande wa pili: waliwaacha vijana bila mafundisho wala ulinzi, kisha wakawalaumu walipoanguka. Baden-Powell alizikataa njia hizo mbili. Alitaka mtu mzima awe karibu hata kuweza kuokoa, na awe mbali hata kijana aweze kujaribu.

Mwaka wa 1914 Vita Kuu vilianza, na viongozi wengi wa skauti walikwenda vitani. Mmoja wao alikuwa Roland Philipps, aliyeandika kitabu juu ya mpango wa vikundi. Aliuawa huko Ufaransa mwaka wa 1916. Watu walidhani vikosi vitakufa. Lakini mahali pengi wakubwa wa vikundi waliendelea kukusanya wenzao, wakashika kazi kwa miaka. Pale ambapo mtu mzima alikuwa amewazoeza vijana kujiongoza, kutoweka kwake hakukuvunja kikosi.

Baada ya vita, mwaka wa 1919, kulifunguliwa shule ya viongozi mahali panapoitwa Gilwell Park, karibu na London. Watu wazima waliofika kujifunza hawakuwekwa madarasani. Waligawanywa wenyewe katika vikundi, wakalala katika hema, wakapika, wakamtii mwenzao aliyewekwa kuwa mkubwa wao. Asiyejua uchungu na furaha ya kuwa mdogo katika kikundi atawezaje kuwaongoza walio wadogo?

Mwaka wa 1920 vijana wa nchi nyingi walikusanyika London, wakampa Baden-Powell cheo cha Skauti Mkuu wa Dunia. Mwaka wa 1929 skauti wapatao 50,000 walikutana Arrowe Park, Uingereza. Mvua ilinyesha, kambi ikawa matope, nao waliendelea kukaa pamoja kama ndugu.

Hata hivyo udugu huo haukuwa kamili. Huko Afrika ya Kusini vijana Weusi walitengwa katika chama cha peke yao, kilichoitwa Pathfinders. Sheria ya skauti ilisema kwamba skauti ni ndugu wa kila skauti, lakini watu wazima waliogopa kuitimiza. Hapo vijana hawakukosea. Waliokosea ni wazee.

Eklezia na skauti

Baden-Powell hakuwa Mkatoliki. Kwa sababu hiyo Wakatoliki wengine walikiogopa chama chake, wakidhani kitawatoa vijana katika imani. Padri Jacques Sevin, Myezuiti wa Ufaransa, hakutaka kuhukumu kwa kusikia tu. Mwaka wa 1913 alikwenda Uingereza, akaona kwa macho yake, akazungumza na Baden-Powell mwenyewe. Akatambua kwamba njia ile yaweza kumtumikia Kristu. Mwaka wa 1920 yeye pamoja na wenzake waliunganisha skauti Wakatoliki wa Ufaransa katika chama kimoja, na mwaka wa 1922 alitoa kitabu kueleza jambo hilo. Baadaye mapadri na mabruda wa Ubelgiji waliileta njia hiyo mpaka misioni na shule za Kongo.

Eklezia iliweza kuipokea kwa sababu si ngeni kwa Evanjili. Bwana Yezu aliwaita wachache, akaishi nao, akawafundisha. Kisha, kabla hawajafahamu yote, aliwatuma wawili wawili katika vijiji. Waliporudi aliwasikiliza, akafurahi nao, akasahihisha makosa yao. Petro aliyemkana hakunyang'anywa kazi; aliulizwa juu ya mapendo yake, akakabidhiwa kondoo.

Mwisho wa safari

Katika uzee wake Baden-Powell alirudi Afrika. Mwaka wa 1938 alikaa na mke wake huko Nyeri, nchi ya Kenya, katika nyumba ndogo waliyoiita Paxtu, inayotazama mlima Kenya. Huko alichora wanyama, akaandika barua, akangoja saa yake. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, mwenye umri wa miaka 83, akazikwa Nyeri. Juu ya jiwe la kaburi lake imechongwa duara yenye nukta katikati. Ni alama ya njia ambayo skauti huwachorea wenzao walio nyuma, kuwajulisha kwamba amekwisha kwenda nyumbani.

Alipokufa, vikundi vya skauti havikusimama. Katika nchi nyingi kijana fulani aliendelea kuwakusanya wenzake sita au saba, akawagawia kazi.

Ninyi wakatekumeni, mmewekwa pia katika vikundi vidogo vya sala na mafundisho, na mara nyingi anayeongoza ni kijana mwenzenu. Mtiini, hata akiwa mdogo kwa umri. Nanyi mlio wazee wa kijiji na wasimamizi wa ubatizo, mfundisheni kijana huyo vizuri, kisha mwacheni asomeshe sala, hata akikwama. Akikwama, msimcheke wala msimpokonye kazi mbele ya wenzake. Mngojeni nje baada ya sala, mmwonyeshe kosa lake kwa upole, na juma lijalo mmpe tena nafasi.