Burkitt: Daktari mwenye jicho moja aliyeifuata saratani ya watoto kwa gari

Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja, lakini bado akawa daktari wa upasuaji.

Mwaka 1957, Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye, huko Jinja, akakuta mwingine vilevile. Kumbe ni saratani ya chembe za limfu, na ilikuwa inaua watoto haraka.

Swali: mbona maeneo mengine haipo? Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu aina ya Ford, wakazunguka maili 10,000 hivi, hospitali kwa hospitali, hadi kusini mwa Afrika. Waligundua ugonjwa umejaa kwenye joto na mvua, kulekule kwenye malaria. Nyanda za juu zenye baridi, karibu haupo.

Mtafiti Anthony Epstein alimsikiliza London, akaanza kusaka kirusi kwenye uvimbe huo. Mwaka 1964 akakipata na wenzake: Epstein-Barr.

Burkitt alifariki 1993. Saratani hiyo inaitwa kwa jina lake, na mtoto akiwahishwa hospitali, dawa zinaweza kumponya kabisa.