Innes: Muuza mvinyo aliyeigundua nyota jirani ya Jua

JULAI 11, 1915, manowari ya Kijerumani Königsberg ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe katika delta ya Mto Rufiji, eneo ambalo leo limo katika Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani. Ilikuwa imejificha humo baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar Septemba 20, 1914. Waingereza waliisaka kwa ndege zilizoruka kutoka Mafia, kisha wakaimaliza kwa mizinga ya meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey.

Wiki tatu hivi baadaye, zaidi ya kilomita 2,000 kusini-magharibi mwa mikoko hiyo, bamba la kioo la kupigia picha lilielekezwa kwenye anga ya kusini, ileile ambayo wavuvi wa delta na wanajeshi wa pande zote mbili waliiona kila usiku. Mahali hapo palikuwa Johannesburg, na mkuu wa kituo cha kutazamia nyota alikuwa Robert Innes. Picha hiyo ndiyo iliyomwonyesha nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu kuliko nyota nyingine yoyote inayojulikana.

Robert Thorburn Ayton Innes alizaliwa Edinburgh, Uskoti, Novemba 10, 1861. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 12, na hakuwahi kusoma chuo kikuu. Hisabati alijifundisha mwenyewe, tena ile ngumu ya mienendo ya sayari. Alipofikisha miaka 17 tu, alikubaliwa kuwa mwanachama wa Chama cha Kifalme cha Astronomia cha Uingereza. Heshima hiyo, hata hivyo, haikumpa mkate. Mwaka 1890 alihamia Sydney, Australia, akafanya biashara ya mvinyo na pombe kali, na biashara ilimwendea vizuri.

Mchana aliuza chupa, usiku alikodolea anga kwa darubini ya kuazima, akitafuta nyota pacha, yaani nyota mbili zinazozungukana. Alizipata nyingi, akaandika juu yake, na hatimaye akamwandikia David Gill, mkuu wa kituo cha Uingereza huko Cape Town, kuomba kazi. Mwaka 1896 Gill alimpa nafasi aliyokuwa nayo: ukarani na utunzaji wa maktaba. Mtu aliyekuwa na biashara yenye faida akaiacha ili awe karani wa mshahara mdogo. Darubini aliruhusiwa kuitumia baada ya saa za kazi.

Mwaka 1903 alipelekwa Johannesburg kuanzisha idara ya hali ya hewa ya Transvaal. Serikali ilitaka vipimo vya mvua na upepo. Innes alivitoa, lakini mwaka 1907 tayari alikuwa amepata darubini yake ya kwanza kubwa, na kufikia mwaka 1912 kituo kilikuwa cha nyota kwa jina na kwa kazi.

Hapo kilimani ndipo ulipomfikia mgeni kutoka mbali. Januari 1910, kabla ya mapambazuko, wachimba migodi wa Transvaal waliona nyotamkia iking'aa karibu na Jua. Habari zilimfikia Innes kupitia gazeti moja la mjini, na Januari 17 yeye na msaidizi wake wakawa wanaastronomia wa kwanza kuithibitisha. Taarifa ilipopitishwa kwa simu, neno la Kiingereza lenye maana ya kubwa lilisikika kama jina Drake, na kwa muda dunia ikamtafuta mgunduzi ambaye hakuwapo.

Nyotamkia za aina hiyo, ambazo hurejea baada ya maelfu ya miaka, hutoka pembezoni kabisa mwa mfumo wa Jua. Wakati ule hakuna aliyejua pembezoni huko pana nini. Majina ya sayari ambayo Waswahili waliyapokea kutoka kwa Waarabu yanakomea Zohali, kwa kuwa ndiyo sayari ya mwisho inayoonekana vizuri kwa macho matupu. Darubini na hesabu ziliongeza Uranus mwaka 1781 na Neptune mwaka 1846. Mbele ya Neptune, ambako mwanga wa Jua hufika baada ya zaidi ya saa nne, ramani ilikuwa tupu hadi kwenye nyota.

Nyota ya karibu iliyojulikana ilikuwa Rijili Kantori, ambayo wanaastronomia huiita Alpha Centauri, ile inayong'aa jirani na Msalaba wa Kusini. Innes alishuku kwamba huenda ina ndugu. Alichukua bamba lililopigwa Aprili 1910 na jingine la mwishoni mwa Julai 1915, akayaweka katika chombo kinachoonyesha picha mbili kwa zamu, upesi upesi, mahali palepale. Nyota zote hutulia, iliyohama hurukaruka. Ni kazi ya kuumiza macho, na aliifanya kwa saa nyingi.

Nukta moja hafifu iliruka. Kwa miaka mitano ilikuwa imehama takriban sehemu moja ya mia ya upana wa Mwezi, na kwa nyota hiyo ni mbio kubwa. Iliandamana na Rijili Kantori, mwelekeo uleule na kasi karibu ileile. Oktoba 1915 Innes alitangaza ugunduzi huo katika waraka mfupi wa kituo chake.

Lililobaki lilikuwa umbali, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Anayepita kwa mtumbwi katika vijito vya delta huona mikoko ya karibu ikisogea haraka kuliko ya mbali. Vivyo hivyo Dunia inapolizunguka Jua, nyota ya karibu huonekana kuyumba kidogo mbele ya zile za mbali. Innes alipima myumbo huo na kudai kwamba nukta yake iko karibu kuliko Rijili Kantori yenyewe. Mwaka 1917 alipendekeza iitwe Proxima, neno la Kilatini lenye maana ya iliyo karibu zaidi. Joan Voûte, aliyekuwa akiipima nyota hiyohiyo kule Cape Town, alikuwa mwangalifu zaidi.

Ukweli usemwe: vipimo vya Innes havikutosha kubeba dai lake. Makosa yaliyoweza kuwamo yalizidi tofauti aliyokuwa akiitangaza, na nyota ingeweza kabisa kumwaibisha. Ulinzi ulimjia mwaka 1928, vipimo bora vya Harold Alden vilipoonyesha kwamba jina lilikuwa sahihi. Umbali unaokubalika sasa ni miaka ya nuru 4.24.

Wakati huo mtoto aliyeacha shule alikuwa daktari wa heshima wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, tangu mwaka 1923. Alikuwa amegundua nyota pacha zaidi ya 1,600, na alistaafu mwaka 1927. Aliishi kusikia kwamba mwaka 1930 kijana Clyde Tombaugh, huko Arizona, Marekani, aliigundua Pluto kwa njia ileile ya kulinganisha mabamba mawili. Warithi wake Johannesburg nao waliendelea kuwinda sayari ndogo zilizo kati ya Mirihi na Mshtarii, nao ndio walioingiza angani majina ya Tanga, Ruvuma, Pemba na Mombasa.

Innes alifariki Machi 13, 1933, Surbiton, karibu na London. Haikuwa mpaka mwaka 1950 Jan Oort wa Leiden alipoeleza kwamba nyotamkia kama ile ya Januari 1910 hutoka katika wingu kubwa la mabonge ya barafu linalolizunguka Jua kutoka mbali mno. Pluto iliondolewa katika orodha ya sayari mwaka 2006. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba Proxima ina sayari yake, yenye uzito unaokadiriwa kutopungua ule wa Dunia. Kituo cha Johannesburg kilifungwa mwishoni mwa mwaka 1971, anga yake ikiwa imeshaharibiwa na taa za jiji.

Katika delta ya Rufiji giza bado lipo. Mwezi Juni, kwenye saa tatu usiku, Rijili Kantori husimama upande wa kusini juu ya mikoko. Proxima iko kando yake, umbali wa upana wa Mwezi mara nne hivi, na ingelazimika kung'aa mara mia moja zaidi ili mvuvi aione bila darubini.